Upepo Hausomwi Barazani

Jumatatu, 1 Agosti

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shuleni tulifundishwa kuandika "mimi mzima, hofu na mashaka ni kwako", hata kama mtu hana hofu yoyote. Leo naandika hivyo na ni kweli tupu, kwa hiyo usicheke.

Kazi imetubana. Ofisi nzima tunaandaa taarifa ya mwelekeo wa hali ya hewa ya kanda, ile inayosomwa redioni kila baada ya siku kumi. Vituo karibu vyote vinasema jambo moja: ukavu, na upepo unaozidi kupanda. Kituo cha tambarare kimeandika kilomita arobaini kwa saa. Cha kwenye mashamba ya miwa, thelathini na nane. Chako cha kilimani, Mama, kumi. Wiki nzima kumi, isipokuwa siku mbili za kumi na tano.

Mzee wa Ramani (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu wa kazi, maana anaitazama ramani kuliko anavyomtazama mkewe) aliishika fomu yako akaigonga kwa kalamu. Akasema, "Kilima hiki hakijawahi kutudanganya tangu enzi za baba yako. Taarifa ijayo milima tutaitoa kwenye tahadhari." Kichwa kilinivimba kwa fahari. Halafu nikarudi mezani kwangu, nikaitazama tena ile fomu.

Wewe na Baba ndio mlionifundisha kwamba upepo wa kwetu huanzia juu. Unazunguka kileleni wiki mbili tatu bila mtu wa chini kuusikia, halafu siku moja unashuka bondeni wote kwa pamoja. Ndiyo maana kipimo kiko kule juu na si kwenye uwanja wa shule. Kama kileleni ni kumi kweli, basi bonde liko salama.

Kaka ameniandikia kwamba mwaka huu amepewa usimamizi wa siku ya moto, na wameipanga Jumamosi tarehe 20, redio ikiruhusu. Mabua ya bonde zima yanawashwa siku moja, na nyumba za nyasi ziko pale pale pembeni. Sitaki kukosea hata kidogo.

Amesema pia unachechemea. Ni kweli au anakuza mambo? Na simu ya shule, bado imekufa? Basi tuendelee na basi la Jumanne na Ijumaa.

Mwanao,
Kitinda


Alhamisi, 4 Agosti

Kitinda wangu,

Marahaba, na salamu za kila mtu hadi paka. Kaka yako akiona kuku anachechemea anatangaza msiba, usimsikilize. Mguu ni uzee tu, unakuja mmoja mmoja.

Kuhusu upepo usijitie presha. Upepo si mkusanya kodi kwamba lazima apige hodi kila nyumba. Huko tambarare wamepata wao, sisi tumeachiwa utulivu, tushukuru. Mwambie huyo Mzee wako wa Ramani nimefurahi, na arudi nyumbani mapema.

Ukavu kweli upo. Kamba ya kisima tumeiunga mara mbili, na majani ya kando ya njia ukiyakanyaga yanalia kama karatasi. Mawingu yanapita juu ya kilima mbio mbio kama yamechelewa shule, lakini mvua hayana. Jana nimecheka mpaka chai ikanipalia. Nimekaa zangu barazani, kengele ya saa tatu ya shule inalia, namwona fundi baiskeli wa ng'ambo ya njia anagombana na mteja. Mteja anasema baiskeli imerudi na kengele ya baiskeli nyingine. Fundi anamwambia, "Sasa wewe unataka usikike au unataka kutambulika?" Watu hawa watanimaliza.

Siku ya moto inakuja vizuri. Kaka yako anazunguka na daftari kama mkaguzi, anapima njia za kuzuia moto kwa hatua zake. Kila anayekutana naye anamwuliza, "Bi Upepo amesemaje?" Anajibu, "Mama amesema shwari." Basi hata ukubwa wa redio kwetu hauonekani.

Fomu ya wiki imo ndani ya bahasha hii kama kawaida. Kula vizuri.

Mama yako


Jumatatu, 8 Agosti

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikicheka, nikairudia, kicheko kikakatika.

Saa tatu asubuhi Jumatano ulikuwa barazani, na chai. Saa tatu ndiyo saa ya kipimo. Kutoka nyumbani hadi kileleni ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye miguu yote miwili. Hata hivyo kwenye fomu, Jumatano saa tatu, umeandika kumi.

Nikajipa sababu. Nikasema labda alichelewa siku moja, nani hachelewi. Lakini moyo haukutulia, nikaenda kabatini nikatoa fomu zako za nyuma. Namba zako za zamani nazijua: kumi na moja, kumi na saba, ishirini na mbili, kumi na tatu. Tangu tarehe 14 Juni ni kumi, kumi na tano, kumi, kumi, kumi na tano. Wiki nane. Upepo haujui kuhesabu kwa tano tano, Mama.

Halafu yale mawingu. Mawingu hayakimbii hivyo juu ya kilima chenye upepo wa kumi.

Sijamwambia mtu yeyote. Nimeifunga faili, nimeirudisha mahali pake, na Mzee wa Ramani aliponiuliza natafuta nini nikamwambia natafuta klipu. Sijawahi kudanganya kazini, na nilishangaa jinsi ilivyonitoka kirahisi.

Nakuomba uniambie ukweli. Hupandi kilimani?

Kitinda


Alhamisi, 11 Agosti

Wewe mtoto,

Umeanza kunikagua? Mimi niliyekubeba mgongoni kupanda kilima hicho hicho, ukiwa na mafua, kwa sababu baba yako alikuwa kitandani na kipimo hakikuwa na wa kukisoma? Baba yako alipofariki watu wa ofisi yenu walikuja na gari, wakanywa maji, wakasema, "Mama, mwanamke ataweza?" Nimeweza miaka kumi na tisa. Mvua na radi nimeweza. Leo unaniletea habari za chai.

Namba ni namba. Zingine zinaangukia kumi, zingine zinaangukia kumi na tano. Mungu akipenda namba fulani mimi nimkataze?

Vituo vitatu vimefungwa mwaka jana, uliniambia mwenyewe. Cha mtoni kilifungwa kwa sababu mzee wake alikosa wiki mbili akiwa hospitali. Wiki mbili tu! Walikuja wakang'oa nguzo, wakapakia. Sasa watu wa mtoni wanasoma hali ya hewa kwa kutazama mbuzi. Ndivyo unavyotaka hapa? Kilima kibaki na shimo la nguzo?

Nimekula chumvi nyingi kuliko wewe. Fanya kazi yako ya huko, niache na yangu.

Fomu hii hapa.

Mama yako, Mpima Upepo


Jumatatu, 15 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo, hata kama hutaki kuipokea.

Fomu imefika. Kumi, kumi, kumi na tano, kumi. Hukunijibu swali langu, na kwa kutolijibu nimelijua jibu. Sina hasira. Nina hofu, nayo inanifanya niandike vibaya, nisamehe mwandiko.

Nikueleze nilivyokwama. Taarifa mpya nasaini Jumatano saa sita mchana, inasomwa redioni Alhamisi saa moja jioni. Vituo vyote vinavyotuzunguka sasa vimepita arobaini, na kimoja kimegusa hamsini. Ninaamini upepo uko juu ya kilima chetu tangu mwezi uliopita na unajiandaa kushuka. Lakini kuamini hakuandikwi kwenye taarifa. Nikiziacha namba zako, milima itasomwa "upepo wa wastani, shughuli za kawaida ziendelee", na Jumamosi Kaka atawasha bonde zima. Nikiziondoa, lazima niandike sababu, na sheria ya ofisi ni kwamba kituo kilichoachwa kinatajwa wazi wazi. Itasomwa na redio ile ile inayosikilizwa na fundi baiskeli.

Nilijaribu njia ya tatu. Nilimwambia Mzee wa Ramani kwamba nahisi milima iwekwe kwenye tahadhari hivi hivi. Akaniambia, "Unahisi? Mama yako amepima, wewe unahisi?" Mama, nilikuwa na ukweli mdomoni nikaumeza, kwa sababu ya jina lako. Na nikiwa nyumbani nikajiuliza, nyumba ya Kaka ikiungua na watoto wake watatu, jina lako litakuwa na kazi gani.

Barua hii itakufikia kesho kwa basi. Jibu lako haliwezi kutoka huko kabla ya Ijumaa, kwa hiyo siwezi kukungoja. Ila kama kuna kitu unaweza kumwambia Kaka kabla ya Jumamosi, mwambie. Mwambie asiwashe. Usimwambie sababu kama hutaki.

Nakupenda, na naogopa.

Kitinda


Jumatano, 17 Agosti, asubuhi

Kitinda wangu,

Barua yako niliipata jana jioni. Nimeisoma mara nne, na mara ya nne nilikuwa naisoma kwa sauti ili nijisikie aibu vizuri.

Ni kweli. Sipandi. Tarehe 13 Juni, nikishuka kwenye ile kona ya tatu yenye kokoto, mguu ulikwenda huku na mimi nikaenda kule. Nilisikia goti likilia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunjika bila hata mkuu wa kunikataza. Nilikaa pale chini mpaka jua likawa la utosi, nikashuka kwa makalio kama mtoto anayejifunza ngazi. Nikaifua nguo mwenyewe ili mtu asione.

Nilijiambia ni siku tatu. Nikatazama bendera ya shule kutoka barazani. Ikilala naandika kumi, ikicheza naandika kumi na tano. Siku tatu zikawa wiki, na wiki ikinenepa unaona haya kuivunja. Nilijua shule imejificha nyuma ya kilima na upepo wa juu hauigusi. Nilijua! Mimi ndiye niliyewafundisha ninyi. Kila siku nilisema kesho nitapanda.

Kaka yako hajui. Anaona nachechemea, anadhani napanda pole pole alfajiri. Ameomba mara nyingi anisindikize nikamfukuza kwa maneno. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nimekaa hapa nangojea kilio cha watu wengine.

Chukua barua hii umpe huyo Mzee wa Ramani. Mwambie Mama amekiri kwa mkono wake. Iingie kwenye taarifa, hata ikichelewa, kwamba nimeyasema mwenyewe. Hiyo ndiyo heshima pekee iliyobaki na ninaitaka.

Sijampa Kaka yako habari bado. Nitamwambia Ijumaa, nikishamaliza kutetemeka.

Mama yako


Jumatano, 17 Agosti, saa nane mchana

Mama,

Nimesaini.

Nimeandika hivi, nakunakilia ili usiisikie kwa mara ya kwanza redioni kama basi litawahi, ingawa najua halitawahi: "Kanda yote, pamoja na milima, itegemee ukavu na upepo mkali kuanzia mwisho wa wiki. Uchomaji wa mashamba usitishwe. Vipimo vya kituo cha kilimani vimeachwa kwa sababu si vya kuaminika."

Mzee wa Ramani alivua miwani. Akaniuliza nina uhakika gani, nikamwekea fomu za wiki nane mezani, nikamwonyesha kumi na kumi na tano. Hakusema neno la kukulaumu. Alisema tu, "Wewe ndiye mtoto wake," na sikujua kama ananisifu au ananisikitikia. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi kujibu barua za watu wa mashamba ya miwa.

Sitakuomba msamaha kwa barua. Nitakuja.

Kitinda


Jumamosi, 20 Agosti

Mdogo wangu,

Natuma kwa lori la mbao, basi nitapasuka nikilisubiri.

Umetuvua nguo. Alhamisi jioni tulikuwa dukani, watu kama thelathini, redio inasema kituo cha kilimani si cha kuaminika. Kila mtu akanigeukia mimi. Fundi baiskeli akasema, "Redio imelewa." Wakacheka, mimi nikacheka nao. Jana nikaitisha mkutano ili Mama aje aseme mwenyewe, watu waache maneno, tuchome leo kama tulivyopanga.

Akaja na fimbo. Nilimwekea kiti, akakataa. Alisimama mbele ya watu wote wanaomwita Bi Upepo tangu nikiwa mwanafunzi, akasema, "Redio imesema kweli. Tangu Juni sijapanda. Namba nimezitunga nikinywa chai. Msichome." Hapakuwa na mtu aliyecheka. Mzee mmoja alitema mate chini, si juu yake, chini, lakini Mama aliona. Kisha akarudi nyumbani peke yake kwa sababu mimi nilishindwa kuinuka. Sina la kujitetea kwa hilo.

Sasa sikiliza. Leo ndiyo ile Jumamosi. Hakuna upepo. Tangu asubuhi hata jani halitikisiki. Moshi wa jikoni kwetu unapanda wima kama nguzo. Watu wamekaa kando ya mashamba yao na viberiti mifukoni wakinitazama. Mmoja kaniuliza kama dada yangu ana kinyongo na mama yake. Na mimi nilikuwa najiuliza hilo hilo.

Njia za moto nilizikata kwa wiki tatu. Mikono imechanika. Mabua yasipochomwa sasa, panya watakula mbegu zote. Mimi ni mtu mzima. Kesho Jumapili baada ya chakula cha mchana, kama hali ni hii, nachoma la kwangu, na wengine watafuata. Usiandike kunizuia. Umeshaandika vya kutosha.

Kaka yako


Jumapili, 21 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Lori lilileta barua yako jana jioni na tangu hapo sijakaa. Nimekwenda stendi mara mbili. Hakuna gari la kuja huko mpaka Jumanne. Nimempigia simu mkuu wa shule, lakini simu ile ya ukutani bado imekufa. Barua hii itakufikia baada ya kila kitu, naijua hesabu hiyo. Ninaandika kwa sababu mikono yangu haina kingine cha kufanya.

Usichome. Utulivu wa jana ndio unaoniogopesha kuliko upepo wenyewe. Hapa pia palikuwa kimya jana, na leo asubuhi mabati ya ofisi yameanza kupiga. Sasa ni saa tano. Bendera yetu imenyooka kama ubao. Upepo unaokuja kwenu umetoka hapa, au unavuma huku na huko kwa pamoja, sijui, lakini unakuja.

Hukunielewa na sikujieleza. Sina kinyongo na Mama. Ijumaa basi lilileta barua yake ya kukiri, aliiandika Jumatano asubuhi, siku ile ile niliyosaini. Alitaka isomwe kwamba amesema mwenyewe. Nilimnyima hilo kwa saa chache na nitalibeba maisha yangu yote. Kama ningengoja barua yake, redio ingewaambia shwari, nanyi mngewasha Jumamosi. Nimeligeuza jambo hili pande zote na haligeuki.

Wewe ulishindwa kuinuka mkutanoni. Mimi nilishindwa kusema kazini kwa siku tisa. Hakuna kati yetu wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Kaka, watoto wako nani anawatazama mchana huu? Wako nyumbani au wako shambani na wewe? Saa sita sasa. Mnakula. Bado hujatoka. Nakuomba ule pole pole.

Dada yako


Jumatatu, 22 Agosti

Kitinda wangu,

Watoto wazima. Kaka yako mzima. Naanza na hilo maana najua unavyosoma, unarukia mwisho kwanza.

Jana baada ya chakula alipita hapa na kiberiti mkononi. Hakukificha. Kulikuwa kimya, kweli, kimya cha kuudhi, na nyuma yake kulikuwa na watu kama kumi wenye fito. Alikuja kuniaga, nadhani, au kunikomoa, au vyote viwili. Sikumkataza. Nani angenisikiliza? Nilimwambia, "Nibebe kileleni kwanza. Kipimo kikisema kumi, hicho kiberiti nitakuwashia mimi."

Akachuchumaa, akanipa mgongo.

Mama yako ni mzito, naomba usiliandike popote. Kwenye kona ya tatu nilimwonyesha kokoto nilipoangukia Juni; alikuwa anahema kama mvukuto na mimi namwambia pumzika, yeye anakataa. Mpaka pale hapakuwa na kitu, hata mimi nilianza kusema moyoni, nimewaaibisha mara ya pili. Tulipotokeza juu ya bega la kilima upepo ukatupiga. Ulimpiga kifuani akaenda hatua mbili nyuma na mimi nikiwa juu yake. Ilibidi tutambae. Vikombe vya kipimo vilikuwa vinazunguka havionekani, unaona duara tu. Nililala kwa tumbo, yeye akinishika miguu, nikasoma.

Alinisogelea sikioni akapiga kelele, "Ngapi?" Nikamwonyesha aione mwenyewe. Alitazama, akatazama bondeni kulikokuwa kimya bado, na wale watu kumi kama sisimizi kando ya mabua. Akaanza kuwapungia mikono, kanga yangu akaitumia kama bendera, anaita jina la kila mtu na hakuna anayesikia. Mmoja wao alikuwa ameshawasha. Tuliuona moshi.

Alishuka akikimbia, akaniacha nyuma ya kibanda cha kituo, na alifanya sawa. Nilikaa pale nautazama ule moshi. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku baba yako alipokata roho, maana ile haikuwa kazi yangu. Moto ulikuwa wa pembeni ya shamba moja tu, upana wa nyumba mbili. Wakauvamia kwa fito, kwa mchanga, fundi baiskeli kwa shati lake. Walikuwa wameumaliza, wanamwagia maji ya kunywa, upepo uliposhuka. Niliuona ukishuka, Kitinda. Miti ya juu iliinama, halafu ya chini yake, halafu ya chini yake, mpaka shuleni. Paa la duka limeondoka. Mabua ya jirani yameruka mpaka mtoni. Kama tungewasha Jumamosi, makaa ya chini ya majivu hukaa siku tatu, unajua mwenyewe. Nisingekuwa na mtu wa kunipelekea barua hii kwenye basi.

Kaka yako alirudi kunichukua giza likiingia. Mlangoni aliniweka chini, akaniuliza, "Mama, ulikaa pale kokotoni muda gani?" Nikamwambia. Akaingia ndani akakaa jikoni peke yake.

Barua yako ya saini niliisoma Ijumaa kabla ya mkutano. Unataka kujua kama nimekusamehe. Bado. Niliposikia ile redio nilitamani ardhi ipasuke, na nikikumbuka sasa hivi bado uso unawaka. Njoo tu, nitakupikia na nitakununia, na utakula. Ulifanya kilichopaswa kufanywa na mimi niliyekuzaa nilishindwa. Yote mawili ninayo moyoni na sijui niyaweke wapi.

Waambie ofisini wasing'oe nguzo. Wifi yako ana miguu mizuri na akili ya kutosha, na tangu leo asubuhi amekwenda juu mara mbili bila kutumwa. Mimi wanifute kazi; nisaini wapi?

Fomu ya wiki iko ndani ya bahasha. Nimejaza mstari mmoja, Jumapili saa tisa alasiri, sitini na moja. Mingine nimeiacha wazi, kwa sababu sikuwepo.

Mama yako